Tuonyesheni sanamu ingali udongo

Tarehe 18 Februari 2024 kitambaa kilivutwa jijini Addis Ababa na sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere ikaonekana mbele ya jengo la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika, jengo ambalo lenyewe lina jina lake. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwapo, wakuu wa nchi nyingine walikuwapo, na SADC iliyolisukuma jambo hilo ilikuwapo. Huku nyumbani picha zilifika kwenye simu siku hiyohiyo, na kilichofuata kila mtu anakikumbuka: huyu ni nani? Hakuna aliyebisha heshima yenyewe. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikaa Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994, na kama kuna Mtanzania anayestahili kusimama pale ni yeye. Ugomvi ulikuwa juu ya sura.

Nimeishi kwa kufinyanga na kufundisha kufinyanga, kwa hiyo niseme msimamo wangu mapema. Waliolalamika walikuwa na haki. Walikosea pale tu walipomrukia msanii, kana kwamba sanamu ya umma ni kazi ya mikono miwili. Sanamu ya umma huharibika kwa utaratibu wake: wenye kumbukumbu huitwa siku ya sherehe, wakati shaba imekwisha kupoa na hundi zimekwisha kusainiwa. Naandika haya nikiwa Morogoro, manispaa ambayo hamu yake ya kuitwa jiji si siri, na miji inayojiandaa kupanda hadhi ina tabia moja: hukumbuka ghafla kwamba haina sanamu.

Eldoret walipitia hayohayo mwaka uleule. Mji ulikuwa ukipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, Rais William Ruto akisubiriwa, na barabarani zikasimamishwa sanamu za wanariadha. Ni wazo zuri kuliko mengi, maana Eldoret ni mji wa mbio kwelikweli. Lakini sanamu zenyewe zilikuwa na viungo na nyuso ambazo Wakenya hawakuweza kuzitazama bila kucheka, na zilichekwa mpaka zikang'olewa kabla ya sherehe. Uzinduzi ulizikuta hazipo.

Nianze na hoja ninayoisikia sana kwa wasanii wenzangu, kwamba watu wa mitandaoni hawajui sanaa. Huenda. Lakini wanaijua sura ya Nyerere. Akili ya mtu huzitambua sura ilizozizoea kwa namna tofauti kabisa na inavyozitambua sura ngeni. Sura uliyoizoea utaitambua ikiwa mbali, ikiwa gizani, hata katika picha iliyochakaa, kwa sababu unachokibeba kichwani ni uwiano: umbali wa jicho na nyusi, kimo cha paji la uso, jinsi mdomo unavyokaa mtu akiwa hajasema neno. Picha ya Mwalimu imening'inia katika ofisi na madarasa yetu kwa vizazi, na noti ya shilingi 1,000 inapita mikononi mwetu kila siku. Muuza mchicha wa Mgeta amemtazama Nyerere mara nyingi kuliko mchongaji yeyote wa kukodi atakavyomtazama maishani. Katika jambo hili moja mtaalamu ni muuza mchicha, na mchongaji ndiye mgeni.

Mchongaji asiyewahi kumwona mtu akiwa hai hufanya kazi kwa picha, na hapo ndipo mitego ilipo. Picha ni bapa. Haikuambii shavu limeingia kiasi gani. Kamera ya karibu huikuza pua, ya mbali huubana uso. Picha nyingi za viongozi zimepigwa kutoka mbele, kwa hiyo wasifu wa pembeni, kisogo na kidevu ukikitazama kutoka chini vinabaki kubuniwa. Mtego mkubwa kuliko wote ni umri. Nyerere wa 1961 alikuwa na miaka 39 na nywele nyeusi. Nyerere aliyeng'atuka mwaka 1985 alikuwa mzee wa mvi aliyekonda kwa namna yake. Ukichukua paji la huyu, mashavu ya yule, na masharubu ya picha ya tatu, unapata mtu ambaye hakupata kuishi siku hata moja. Kisha kuna meno. Mwalimu alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa kwa mila ya Wazanaki, na meno ya namna hiyo hubadili jinsi midomo inavyokutana. Anayejua hilo ataujenga mdomo kutokea ndani. Asiyejua atachora mstari na kuuita mdomo.

Sasa tuingie karakanani, kwa sababu lawama nyingi hutokana na kutojua kazi inavyokwenda. Sanamu ya shaba nyeusi haichongwi kwenye shaba. Huanza kwa mfano mdogo wa kushika mkononi. Ukikubaliwa, hujengwa mifupa ya vyuma na juu yake hufinyangwa udongo kwa ukubwa kamili. Juu ya udongo hutengenezwa kalibu, ndani ya kalibu hupakwa nta, nta hufunikwa na ganda linalostahimili moto, halafu huyeyushwa itoke ili mahali pake pamiminwe shaba. Hiyo ndiyo kusubu. Shaba ikipoa husinyaa kwa kama asilimia moja hadi mbili, vipande huungwa kwa kulehemu, maungio husuguliwa, kisha rangi hupatikana kwa dawa na moto. Kila hatua hula kitu kidogo cha sura. Fundi mzuri hulijua hilo na huongeza makali kwenye udongo mapema: huchimba mboni za macho ziwe na kivuli, kwa sababu shaba haina weupe wa jicho; huzidisha mkunjo wa nyusi, kwa sababu rangi nyeusi itaumeza.

Halafu kuna kimo. Sanamu ikikaa juu ya kitako cha mita tatu, wewe uliye chini unaona zaidi kidevu na matundu ya pua, na kichwa kinaonekana kidogo. Michelangelo alipomchonga Daudi wa Florence alimpa kichwa na mikono mikubwa kuliko uwiano wa kawaida, na sababu inayotajwa sana ni kwamba kazi ile ilikusudiwa kukaa juu kwenye kanisa kuu. Hata hivyo, Januari 1504 mji uliita kikao cha watu wenye sauti, Leonardo da Vinci na Botticelli wakiwamo, wajadili tu iwekwe wapi. Ilipokuwa ikihamishwa usiku kwenda uwanjani, watu waliirushia mawe. Anayedhani ghadhabu juu ya sanamu ni ugonjwa wa kizazi cha simu alikumbuke hilo.

Katika safari hiyo yote kuna mahali pamoja tu ambapo kosa linarekebishika kwa bei ya chai, napo ni kwenye udongo. Shavu limezidi? Kidole gumba na nusu saa. Mdomo umekosea? Ukwangue, uanze upya kesho. Kalibu ikishatengenezwa gharama inapanda, na shaba ikishamiminwa unakata kichwa kwa mashine au unaanza upya. Ni sawa na nguo kwa fundi cherehani: unaijaribu ikiwa imeshikizwa kwa pini, si siku ya harusi. Ajabu ni kwamba hatua hiyo ya pekee ndiyo tunayoifungia mlango, ikiitwa siri ya mradi, ili watu washtukizwe. Tunashtukizwa kweli.

Kwa nini mlango unafungwa? Tazama jinsi kazi hizi zinavyonunuliwa. Halmashauri inayanunua makalavati na madawati kwa utaratibu unaofaa makalavati na madawati: kuna BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na gharama, kuna urefu, upana, aina ya malighafi, msingi, vigae vya kuzunguka, taa na tarehe ya kukabidhi. Mkandarasi analipwa kwa hatua, na hatua hizo ni za ujenzi: msingi umekamilika, kitako kimesimama, sanamu imefungwa. Mkaguzi anakuja na futi ya kupimia. Hakuna mstari unaosema sura ifanane na mhusika, wala anayetakiwa kusaini kwamba imefanana, na aliyeshinda kwa bei ya chini hana sababu ya kumlipa mtu aende akatafute picha za pembeni. Juu ya yote inakaa tarehe, ile ya Uhuru, ya Mwenge, au ya mgeni rasmi. Udongo hautambui kalenda ya itifaki, lakini mkandarasi anaitambua vizuri sana.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, Zimbabwe wametuonyesha, tena kwa bahati. Desemba 2020 zilisambaa picha za sanamu ya Mbuya Nehanda, mganga wa mizimu aliyenyongwa na wakoloni mwaka 1898, ikiwa bado karakanani. Wazimbabwe wanaijua sura yake kwa picha moja maarufu ya gerezani: mwanamke mtu mzima, mwembamba, mwenye macho makali. Walichoonyeshwa ni binti aliyenona. Kelele zilipigwa, mchongaji David Mutasa akarudi kazini, na iliyozinduliwa tarehe 25 Mei 2021, pale Harare inapokutana barabara ya Samora Machel na ya Julius Nyerere, ilikuwa ya mwanamke mwingine kabisa. Bado kuna wasioipenda. Lakini kosa lililoonekana mapema liliondolewa mapema, na hakuna aliyelazimika kung'oa kitu usiku.

Nchi hiyohiyo inatufundisha kinyume chake pia. Mwaka 2010 sanamu ya Joshua Nkomo ilisimamishwa Bulawayo na haikukaa. Familia ilisema haikushirikishwa na kwamba kitako kilikuwa kidogo mno kwa mtu yule, na zaidi ya hapo ilikuwa imetengenezwa na Wakorea Kaskazini. Hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko uzito wa shaba: Kikosi cha Tano kilichoua watu Matabeleland miaka ya themanini kilifunzwa na Wakorea Kaskazini. Sanamu iliondolewa, na haikurudi mpaka Desemba 2013. Kwenye karatasi za zabuni, asili ya fundi ni kisanduku cha kujaza. Kwa mtu wa Bulawayo ni kaburi la ndugu yake.

Watanzania tunapenda kusema kwamba sanamu si jadi yetu, na tukishasema hivyo tunajisamehe kutojifunza. Kwa watu wa huku hoja hiyo haisimami. Wazaramo, Wakwere na Waluguru wana mwana hiti, kisanamu cha mti cha mkononi kinachohusiana na unyago wa mwali: kiwiliwili kama gogo dogo, matiti, na kichwa chenye kishungi, uso ukiwa umeachwa karibu mtupu. Wazaramo walikichonga hata kwenye nguzo za makaburi. Hiyo ni elimu ya uchongaji iliyokomaa, na imefanya uamuzi wake: haikuhitaji kufanana na mtu fulani ili imkumbushe mtu. Pingamizi la dini nalichukulia kwa uzito zaidi. Mnara wa Ufufuko wa Afrika ulipozinduliwa Dakar mwaka 2010, maimamu walikuwa mstari wa mbele kuupinga. Morogoro ina misikiti mingi na Waislamu wengi ambao sanamu ya mtu haiwatulizi, na mpango usiowauliza tangu mwanzo unajitafutia ugomvi.

Ya fedha nitayapita haraka. Kila sanamu ikitajwa atatokea wa kusema fedha hizo zingeleta maji, na kwa mji uliokaa miguuni pa Uluguru huku ukilia mgao, hoja hiyo inauma. Lakini sanamu iliyofutwa haijawahi kujaza bwawa la Mindu. Bajeti hazihami hivyo. Ninachoomba ni kwamba yeyote atakayechora sanamu ya Morogoro asiizungushie chemchemi ya maji ya kurusha. Itakauka ndani ya mwezi, na itakuwa kejeli ya kudumu.

Swali lenye faida zaidi ni kama kila kumbukumbu inahitaji uso. Pale mtaa wa Samora, Dar es Salaam, Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann mwaka 1909. Waingereza walipouchukua mji walimwondoa, na mwaka 1927 wakaweka Askari, kazi ya James Alexander Stevenson, ile ambayo wazee wa jiji waliizoea kwa jina la Bismini. Maana yake ni ya kikoloni na inastahili kujadiliwa. Kama kazi, hata hivyo, imedumu karibu miaka mia moja bila mtu kuuliza huyu ni nani, kwa sababu si picha ya mtu mmoja. Inabeba mwendo, bunduki na uchovu wa maelfu. Wanariadha wa Eldoret wangeweza kufanyiwa hivyo: mkimbiaji, mbio, upepo, na majina ya mabingwa yaliyochongwa chini. Majina hayakosei sura.

Ukitembea Morogoro ukiwa na swali hilo utaona kwamba tumekwisha kulijibu kwa njia nyingi. Februari 2021 soko kuu jipya lilizinduliwa na Rais John Magufuli na likapewa jina la Chifu Kingalu. Kingalu ni jina la cheo linalorithiwa kule Kinole kwa upande wa mama, mjomba akimwachia mpwa, kwa hiyo hata huyo chifu mwenyewe ni kumbukumbu inayotembea. Kondakta akiita "Sokoni Kingalu" anatimiza kazi ya mnara bila kulipwa. Mahali alipofia Edward Sokoine, tarehe 12 Aprili 1984, pameingia kwenye ramani ya Mvomero kwa jina la Wami Sokoine. Kule Mazimbu, kwenye shule ya wakimbizi wa ANC iliyorudishwa kwetu mwaka 1992 na ambayo leo ni kampasi ya SUA, makaburi yana majina na tarehe, na Waafrika Kusini husafiri kuja kuyasoma. Sijawahi kusikia mtu akiyacheka.

Na kuna yanayosubiri. Matombo, Julai 1955, watu wa milimani walikataa kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa na mpango wa ardhi wa Uluguru ulioanza 1950. Polisi walifyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Mahali pa kukumbuka jambo hilo ni kwenye mteremko wenyewe, kwa jiwe na maandishi, mahali ambapo msomaji akiinua macho anaona kilichopiganiwa. Ukilileta tukio hilo kwenye kipilefti cha Msamvu ukamweka mkulima wa faiba aliyepakwa rangi ya dhahabu, utakuwa umelifuta. Vilevile waliofariki kwa moto wa lori la mafuta hapo Msamvu, Agosti 2019, na wakazikwa Kola, zaidi ya mia moja: kwao heshima ni orodha iliyo kamili na isiyo na kosa la herufi.

Lakini wapo wanaostahili uso. Tuseme kesho Manispaa inaamua kumsimamisha Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali Kenya mwaka 1979. Mimi ningeunga mkono kwa mikono miwili, maana mji huu ulipata jina Afrika Mashariki nzima kwa muziki. Wapo bado wazee waliomwona jukwaani. Wanajua alivyoinamisha kichwa akipiga, gitaa lilikaa juu au chini ya kiuno, alisimamaje kabla ya kuanza kuimba. Hayo hayamo kwenye picha za jalada la santuri. Kwa hiyo zabuni ya kwanza isiwe ya kujenga sanamu. Iwe ya mifano midogo mitatu au minne, kila msanii alipwe kwa mfano wake hata asiposhinda, la sivyo watakuja wakandarasi wenye akiba tu, na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa TaSUBa Bagamoyo watabaki nje. Familia iwe mezani tangu siku hiyo, na iwe na kura. Picha zikusanywe za umri mmoja uliochaguliwa, za pande zote.

Mshindi akimaliza udongo wa ukubwa kamili, itolewe nakala yake ya plasta nyepesi inayoweza kusafirishwa na ipelekwe Soko Kuu la Chifu Kingalu, iinuliwe kwa kimo kilekile itakachokaa sanamu, watu wapite chini yake kwa siku 30. Udongo wa asili ubaki karakanani ukiwa umefunikwa kwa matambara mabichi, tayari kuguswa. Msanii aje Jumamosi asikilize. Anayeogopa wazee wa sokoni hafai kazi ya umma, na anayetii kila asemacho mpita njia hafai pia. Asikilize wanaorudia jambo lilelile. Watu ishirini wasiojuana wakisema pua si yake, pua si yake. Baada ya hapo wazee waliomjua na familia wasaini karatasi moja kwamba ndiye, na karatasi hiyo ndiyo ifungue malipo ya kusubu. Tarehe ya uzinduzi ipangwe baada ya saini hiyo, isitangulie.

Nimeulizwa kama haya hayatachelewesha kazi. Yatachelewesha, kwa miezi miwili au mitatu. Bulawayo walichelewa miaka mitatu.

Basi madiwani wa Manispaa ya Morogoro, mtakapokaa kujadili mapambo ya mji, wekeni vipengele viwili tu kwenye hati ya zabuni: maonyesho ya nakala ya udongo hadharani kwa siku 30, na hakuna malipo ya kusubu kabla ya maonyesho hayo. Havihitaji sheria mpya wala ruhusa ya Dodoma. Na wewe msomaji, diwani wako unamjua anakokaa; mwambie kabla hajapelekewa mchoro wa kusaini.